Lisemwalo lipo: historia ya injini kubwa ya Toyota 86

Leo tuweke kompyuta kando kidogo tuzungumze kuhusu magari. Kazi yangu ni kuandika programu, na kila mwezi nasikia watu wakiapa kwamba toleo lijalo litakuwa na hiki na kile. Kwenye magari ya spoti tetesi za namna hiyo ni nyingi zaidi. Kuna moja iliyodumu karibu miaka minane, na mwisho wake una funzo.

Gari lenyewe walilitengeneza Toyota na Subaru kwa pamoja, likaanza kuuzwa mwaka 2012. Kule Japani Toyota waliliita 86, Ulaya likaitwa GT86, Marekani likauzwa kama Scion FR-S, na Subaru wakaliita BRZ. Injini ilikuwa ya Subaru, aina ya FA20, yenye silinda nne zilizolala, mbili kila upande. Kipenyo cha kila silinda kilikuwa milimita 86, na mwendo wa pistoni pia milimita 86. Piga hesabu ya silinda nne za vipimo hivyo utapata cc 1,998. Ilitoa nguvu za farasi 200, bila turbo.

Waliolijaribu walisifu jinsi lilivyokata kona. Lilikuwa jepesi, na injini ililala chini kabisa. Hata tairi zilichaguliwa zisishike barabara kupita kiasi. Zilikuwa za aina moja na zile zilizowekwa kwenye baadhi ya Prius! Lakini lalamiko lilikuwa moja kila mahali: nguvu ya msokoto, yaani ule msukumo unaousikia mgongoni unapokanyaga mafuta. Ilikuwa Nm 205 tu, na ilifika kileleni injini ikizunguka mara 6,400 kwa dakika. Mbaya zaidi, karibu na mizunguko 4,000 palikuwa na shimo. Hapo ndipo dereva huwa anataka kulipita lori, na hapo ndipo gari lilipozubaa.

Basi fununu zikaanza: injini kubwa inakuja, turbo inakuja. Watu waliahirisha kununua wakisubiri. Na fununu hazikukosa chakula:

1. Mwaka 2015 Subaru walionyesha New York BRZ ya maonyesho iliyobeba injini ya turbo kutoka kwenye gari lao la mashindano.

2. Toleo lililoboreshwa la mwaka 2017 liliongezewa nguvu za farasi tano tu kwa gia za mkono. Waliosubiri wakasema, haiwezekani iwe hii tu, kuna kubwa limefichwa.

3. Mwaka 2018 Subaru walianza kuuza Ascent, gari kubwa la familia, likiwa na injini mpya ya FA24: lita 2.4, tena na turbo. Sasa injini ilikuwa tayari imeshatengenezwa. Wengi wakaona kilichobaki ni kuihamisha tu.

Hapa ndipo mimi kama mwandikaji programu natabasamu. "Kuihamisha tu" ni maneno hatari. Anayesema "ongeza kitufe kimoja tu" hajui kwamba nyuma ya kitufe kuna jedwali la data, ruhusa za watumiaji na majaribio mapya. Turbo ni hivyo hivyo. Inataka mabomba yake, kipozahewa chake, na njia ya kutolea joto. Nguvu ikizidi, gia na ekseli lazima ziimarishwe, breki zikue, tairi zipanuke. Uzito unapanda, bei nayo inapanda. Mwisho unabaki na gari jingine kabisa, wala si lile jepesi na la bei nafuu ambalo watu walilipenda. Tena kuanzia mwaka 2019 Toyota walikuwa na Supra mpya yenye turbo. Kwa maoni yangu, hawakuwa na haja ya kuishindanisha na ndugu yake mdogo.

Novemba 2020 BRZ mpya ikafunuliwa, na Aprili 2021 ikafuata Toyota GR86. Injini? Ni ile ile FA24 ya lita 2.4, lakini bila turbo.

Tazama walichofanya. Mwendo wa pistoni ulibaki milimita 86, kipenyo kikapanuliwa hadi 94. Ujazo ukafika cc 2,387, ongezeko la karibu asilimia 20. Kwa kuwa pistoni haisafiri mbali zaidi, injini bado inapanda hadi mizunguko 7,000 bila shida. Linganisha na Honda S2000: mwaka 2004 kwa soko la Amerika Kaskazini Honda waliikuza kutoka lita 2.0 hadi 2.2 kwa kurefusha mwendo wa pistoni, na kikomo cha mizunguko kikashuka kutoka takriban 9,000 hadi takriban 8,000.

Kwa soko la Japani GR86 ilipata nguvu za farasi 235, na msokoto wa Nm 250. Lililo muhimu kuliko yote, msokoto huo unapatikana kwenye mizunguko 3,700. Lile shimo likazibwa.

Wahenga walisema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Injini kubwa kweli ilikuja, ila turbo haikuja. Na aliyetaka kupima fununu hizo alihitaji kikokotoo tu: injini ya zamani ilitoa farasi 100 kwa kila lita. Lita 2.4 bila turbo zingetoa karibu 240. Toyota walitoa 235. Aliyeahidi zaidi ya hapo alikuwa amekwisha kuhesabu turbo, na gharama zake hakuzihesabu.

Tetesi hazikufa, lakini. Mwaka 2022 Toyota waliingiza GR86 kwenye mashindano ya Super Taikyu huko Japani ikiwa na injini ya silinda tatu, lita 1.4, yenye turbo. Mara moja watu wakaanza tena: toleo lijalo, toleo lijalo! Shikeni vikokotoo vyenu. Kwaherini kwa leo.