Mshtuko, Kishindo na Kihami

Atazamaye mvua kubwa ikija Lagangabilili, mkoani Simiyu, huona umeme kwanza, ndipo asikie ngurumo. Umeme upitapo angani huipasha hewa joto lipatalo nyuzi 30,000 za Selsiasi. Hewa hiyo hutanuka kwa kasi ipitayo ya sauti, ikasukuma mbele yake wimbi lenye kanieneo kubwa. Likiisha kudhoofu, wimbi hilo husikika kama ngurumo.

Wimbi la namna hiyo wafasiri wengi huliita “wimbi la mshtuko”, kwa kufuata Kiingereza. Hapo ndipo penye tatizo. Mshtuko kwetu ni jambo la moyo. Kwa waganga ni hali ya mgonjwa ambaye damu yake haizunguki ipasavyo. Na tangu nyaya zilipoingia majumbani, ni pigo la umeme mwilini. Umeme nao ulikuwa mwako wa mawinguni kabla ya kupewa kazi ya mitambo.

Mwaka 1965 G. E. Hauver wa Marekani alichapisha majaribio yake juu ya Plexiglas na polistireni. Kipande cha plastiki huwekwa baina ya metali mbili, kikapigwa na wimbi litokanalo na mlipuko. Pasipo betri yoyote, mkondo wa umeme huonekana katika waya. Molekuli, ambazo ncha zake chanya na hasi zilielekea huku na huko, husukumwa zikaelekea upande mmoja. Wimbi likizidi nguvu, baadhi ya plastiki huanza hata kupitisha umeme.

Sasa mfasiri akiandika kwamba “plastiki ilipata mshtuko ikatoa umeme”, msomaji atadhani ilipigwa na umeme. Sababu na tokeo vitabadilishana mahali. Kwa hiyo tunapendekeza “wimbi la kishindo”. Wako wasemao kuwa kishindo ni sauti tu. Hatukubaliani nao: gunia likianguka kwa kishindo, sakafu nayo hutikisika.

Limebaki neno “kihami”, litokanalo na kuhami, yaani kukinga. Mwalimu asemapo kwamba kihami hakipitishi umeme, asema kweli kwa waya wa nyumbani. Lakini plastiki ya Hauver ilikuwa kihami vilevile. Wenye orodha zilizokwisha kuchapwa tunawaomba waongeze pembeni, kwa kalamu: “katika hali ya kawaida”.