Mazishi ya Bondia wa Wino

Ndugu zangu, sisi tuliogombania Lance Spearman bwenini mpaka kurasa zikachanika, tusiwacheke wasomaji wa Japani. Tarehe 24 Machi 1970 watu wapatao 700 walikusanyika Tokyo, katika jengo la wachapaji Kodansha, kumwombolezea bondia ambaye hakupata kuzaliwa. Palikuwa na ulingo na sala za Kibuddha.

Marehemu alikuwa Rikiishi Toru, mpinzani wa Joe katika Ashita no Joe, yaani Joe wa Kesho, hadithi ya picha iliyoanza mwaka 1968 katika gazeti la wavulana, Shonen Magazine. Mtunzi alikuwa Takamori Asao, mchoraji Chiba Tetsuya. Kumbe kilichomwua ni kalamu! Chiba alimchora pandikizi la mtu kabla haijajulikana kuwa atapigana na Joe mdogo. Wangekutanaje katika uzani mmoja? Ikabidi Rikiishi ajinyime chakula na maji hadi akabaki mifupa. Akashinda pambano, akaanguka, akafa.

Mazishi yaliandaliwa na mshairi Terayama Shuji. Juma moja baadaye, vijana walioteka ndege ya Japani na kuipeleka Korea ya Kaskazini wakajiita Joe wa Kesho. Hao siwatetei hata kidogo. Wale 700 nawaelewa: Joe alikuwa yatima wa mitaa ya makabwela, akakutana na Rikiishi katika gereza la watoto, na adui huyo ndiye aliyemfanya apende ngumi.