Sungura Watatu wa Cowper

Mwaka 1774, mjini Olney, Uingereza, mshairi William Cowper alikuwa ameelemewa na huzuni. Watoto wa jirani walikuwa na mwana wa sungura. Walimchezea wasijue kumlisha, akakonda. Baba yao akampa Cowper. Kisha akaletewa wengine, akachagua kutunza watatu: Puss, Tiney na Bess, akawajengea vibanda vya kulala. Puss alipougua siku tatu, alimwuguza. Naye alipopona akamlamba kiganja na kila kidole. Tiney hakufugika kamwe, wala hakutupwa. Alitunzwa hata akafa, umri miaka 8 na kitu. Puss alikaribia 12.

Basi, ndugu wasomaji, tusiwape watoto wetu kiumbe kabla ya kuwafundisha kumtunza. Tena tusipime wema kwa shukrani: Puss alishukuru, Tiney hakushukuru, na wote wawili walikula.