Picha Ambazo Hakuna Aliyeziagiza

Historia ya kamera Unguja husimuliwa kwa majina ya studio. Akina Gomes, Wagoa, walikuwa wakipiga picha hapa tangu karne ya 19, enzi za vioo vilivyopakwa dawa. Ranchhod Oza alikuja kijana kutoka India, akafanya kazi kwa Gomes, kisha mwaka 1930 akafungua yake, Capital Art Studio. Watu walivaa vizuri, wakapiga, wakalipa, wakaondoka na picha zao. Hata Sultani alikuwa mteja.

Nimesimama mara nyingi mbele ya picha za Oza pale Barabara ya Kenyatta, Shangani, na kila nikizitazama naona kazi yake kubwa haikufanyika studio. Ilifanyika alipotoka nje na kamera. Baiskeli za miaka ya 1950 kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe, majahazi, wapita njia ambao hawakumwomba kitu. Pale hapakuwa na mteja wa kuridhishwa. Aliamua mwenyewe kivuli kianzie wapi na gurudumu liishie wapi. Kwa saa zile, bingwa aliyeishi kwa kazi hiyo alipiga kama mtu wa ridhaa, na kwangu mimi sanaa ya picha za filamu katika mji huu inatafutwa hapo.

Mimi ni mwalimu wa kemia, sekondari. Kamera naishika baada ya kazi na siku za mapumziko, na sijawahi kumwuzia mtu picha. Ninachokitafuta ni jua la saa saba mchana, lile ambalo vitabu vingi vinashauri uliepuke. Kwenye kichochoro chembamba upande mmoja chokaa inawaka na wa pili ni giza tupu. Katikati, barazani, ameketi mzee mwenye kanzu nyeupe na uso mweusi. Nataka nyuzi za kanzu zionekane, na macho ya mzee yaonekane, katika picha moja.

Si jambo jepesi. Kipimo cha mwanga hudhani kila kilicho mbele yake ni kijivu. Kikiona ukuta wa chokaa kinaamuru mwanga upunguzwe, na anayepotea ni mzee. Filamu za rangi nazo hazikutengenezwa kwa kumfikiria yeye. Kodak ilizipelekea maabara kadi ya kulinganishia rangi yenye picha ya mwanamke mweupe. Iliitwa Shirley, jina la mfanyakazi wa kampuni aliyepigwa picha hiyo mwanzoni. Ngozi yake ikitoka vizuri, mashine ilihesabiwa kuwa sawa. Waliofanya kazi pale walisimulia baadaye kwamba kampuni iliboresha rangi za giza hasa baada ya malalamiko ya watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao. Mamilioni ya nyuso nyeusi yalikuwa yamekwishapigwa wakati huo, harusini, shuleni, kwenye vitambulisho. Jambo hili linaniuma kila ninapofungua albamu za nyumbani kwetu.

Ndiyo maana napiga nyeusi na nyeupe na kusafisha filamu mwenyewe. Hakuna kadi ya mtu baina yangu na uso wa mzee. Filamu ya kasi 400 naipiga kama ni 200, nikipima uso na kuuacha ukuta uwake utakavyo, kisha napunguza muda wa kusafisha. Kemia yake inanifurahisha kila mara: sehemu zilizopata kivuli hukamilika mapema ndani ya dawa, ila sehemu zilizopata jua kali huendelea kujaza fedha kadiri unavyochelewa. Ukiwahi kuitoa, uso umeshakamilika na kanzu haijaungua.

Majedwali ya dawa huandikwa kwa nyuzi 20. Maji ya bomba letu miezi ya kaskazi hayakaribii hapo, na dawa ikiwa moto kazi hukimbia, utando wa filamu hulainika, unaweza hata kupasuka nyufa ndogo ndogo. Chupa za dawa naziweka ndani ya beseni la barafu. Oza na wenzake nao walikuwa na joto hilihili, na ninapoona weupe safi wa kanzu kwenye picha zao najua ni jasho la nani.

Uhuru kama wa Oza nje ya studio ulikuwapo Lamu pia, kwa Omar Said Bakor. Alijifunza mwenyewe, akapiga picha mitaani kwa miaka mingi, akafungua studio mwanzoni mwa miaka ya 1960. Alikata picha na kuziunganisha, akamwingiza mtu ndani ya redio, akamchomoza kutoka kwenye ua. Mteja alikuja kutaka sura yake tu, akaondoka na ndoto. Kujifunza bila mwalimu kulimwachia uhuru huo, nami naamini hivyo kwa moyo wote.

Nami hapa Unguja nina negativu za Beit al-Ajaib, jumba la Sultan Barghash la mwaka 1883. Nilizipiga kwa ajili ya vivuli vya nguzo zake za chuma juu ya sakafu ya roshani. Desemba 2020 mnara wake na sehemu ya mbele viliporomoka, watu wakafa. Tangu hapo naulizwa picha zinazoonyesha mnara. Ninazo chache, na nyingi zimeukata katikati, maana nilikuwa nautazama mwanga. Kila anayetaka namchapia, na nikimchapia namwongezea ile ya nguzo, kwa kuwa ndiyo niliyoipandia ngazi.

Kwenye makabati ya mji huu zimo negativu za watu kama mimi, na unyevu wa bahari unaziotesha kuvu. Zitolewe, zikaushwe kivulini, zitiwe kwenye bahasha za karatasi. Zile zisizo na mtu wala mnara ndani yake zisitupwe.