Dawa ilikuwepo, hawakuinywa

Je, tarakilishi ijisasishe yenyewe bila kumuuliza mwenyewe? Tuangalie historia. Julai 16, 2003 Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba tundu kwenye Windows. Siku 26 baadaye, kirusi Blaster kikapenya tundu lilo hilo. Mashine zisizo na kiraka zikawa zinajizima na kujiwasha ovyo. Mwaka 2004, Windows XP SP2 ikaja ikiwahimiza watu waruhusu viraka vijiweke vyenyewe.

Lakini Julai 19, 2024 sasisho bovu la kampuni ya usalama CrowdStrike, lililojiweka lenyewe, liliangusha mashine milioni 8.5 hivi.

Mimi ni mwandishi wa programu, na nasema hivi: viraka vya usalama vijiweke, ila mashine chache zitangulie. Mengine, mwenyewe aulizwe. Bando ni lake.