Mfuniko wa Mtungi: Funzo la Kakuma kwa Watu wa Pwani

Kutoka Lodwar hadi Kakuma ni mwendo wa kilomita kama 120, na njiani unavuka laga moja baada ya nyengine, mito ya mchanga isiyo na maji mpaka mvua inyeshe. Nilipopita huko, kilichonishughulisha si jua. Ni mitungi ya manjano iliyopangwa foleni penye mfereji, mengine ina mifuniko, mengine haina. Mfuniko huo ndio habari yangu ya leo.

Kambi ya Kakuma ilianzishwa mwaka 1992 kupokea waliokimbia vita vya Sudan. Leo, pamoja na makazi ya Kalobeyei, ina watu karibu 300,000. Kati ya Aprili na Juni 2005 kipindupindu kiliingia kambini: wakaugua 418, wakafa wanne. Watafiti wakachunguza nani aliugua na nani alisalimika. Waliokuwa hatarini zaidi ni waliotumia choo kimoja na nyumba nyengine tatu au zaidi, na waliohamia kambini karibuni. Waliofunika maji yao ya kunywa walikingika zaidi.

Maradhi hayakuishia hapo. Mwaka 2009 polio ilivuka mpaka kutoka kusini mwa Sudan ikawapata watu wa Turkana. Mei 2020 Kakuma ikapata mgonjwa wake wa kwanza wa korona. Mwaka 2024 Wizara ya Afya ikatangaza polio imeonekana tena Kakuma, safari hii ile itokanayo na virusi vya chanjo ya matone, ambayo husambaa pale watoto wengi wanapokosa kuchanjwa. Ikabidi wahudumu wapite mlango kwa mlango katika kaunti kadhaa, wakitafuta mamilioni ya watoto. Hiyo ndiyo bei ya kupuuza.

Pengine utasema Turkana ni mbali, yatuhusu nini? Kumbuka Lamu mwaka 2004. Ulikuwa wakati wa ukame, watu wakaweka maji majumbani siku nyingi, na mbu wakazaana humo. Homa ya chikungunya ikalipuka. Vipimo vya damu vilionyesha takriban robo tatu ya watu wa mji waliambukizwa. Ikafika Mombasa, na mwaka 2005 ikawa Visiwa vya Ngazija, kisha ikavuka bahari mpaka India. Sisi pia tuliwahi kuwa mlango wa maradhi ya dunia.

Kujiandaa basi si kungoja mashine za bei kubwa. Ni muuguzi wa zahanati kuripoti siku ile ile anapoona jambo geni, friji ya chanjo isiyozimika, gari la kufikisha sampuli maabara, na mhudumu wa afya ya jamii kulipwa haki yake kwa wakati. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada ya nje, kambi kama Kakuma zilitikisika mara moja. Afya inayosimama kwa mkono wa mgeni huanguka mgeni akiondoka.

Kwa hivyo kaunti zetu zinapoita wananchi kujadili bajeti, twende. Tuulize fungu la dharura za maradhi ni kiasi gani na nani analilinda. Tuulize sasa, wodi zikiwa tulivu. Na tukirudi nyumbani, tutazame mapipa na mitungi yetu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu hujengwa kwa roho za watu.