Plagi Sita Katika Mkebe wa Biskuti

Mjomba alipofariki, binamu yangu alirithi Datsun 240Z iliyokaa uani Mombasa juu ya matofali tangu mwaka 1999. Mimi nilirithi mkebe wa biskuti. Ndani yake mlikuwa na daftari dogo na plagi sita kuukuu, kila moja imeviringishwa kipande cha gazeti kama pipi. Nilipewa mimi kwa sababu nilisomea historia, na kwetu mtu aliyesomea historia ndiye hupewa makaratasi ambayo hakuna anayetaka kuyatupa wala kuyasoma.

Mnunuzi wa gari alikuwa amepatikana, ila alitaka kwanza asikie injini ikinguruma. Binamu akabadilisha oili, akaosha kabureta zote mbili, akanunua betri. Zikabaki plagi. “Wewe unapenda kusoma,” akaniambia, “tafuta zinazofaa na mwanya wake uwe milimita ngapi.” Nikaona ni kazi ya jioni moja.

Kabla ya kuendelea inabidi nieleze kisa ambacho nyumbani kila mtu anakijua. Mwaka 1984 mjomba alikuwa akipeleka gari Nairobi. Amepita Sultan Hamud, injini ikaanza kugonga, kisha moshi, kisha kimya. Ilipofunguliwa, pistoni moja ilikuwa na tundu katikati, duara, kana kwamba imetobolewa kwa msumari wa moto. Wiki moja kabla ya safari hiyo gari lilikuwa kwa fundi wake wa siku zote, jirani wa mtaa mmoja, wa kusali naye msikiti mmoja. Mjomba akasema fundi amechezea gepu za plagi. Hakumsalimia tena mpaka anaingia kaburini. Sisi watoto tulikua na msemo: mtu akikufanyia kazi ovyo, “amekufanyia gepu”.

Basi jioni ile nilifungua mkebe nikitaka tu kusoma namba kwenye plagi za zamani ninunue kama hizo. Zilikuwa NGK, na kwenye kauri yake nyeupe pameandikwa BP4ES. Nikafungua kitabu cha gari. Kitabu kinasema BP6ES.

Herufi hizo ni lugha, na ukishaijua ni rahisi. B ni unene wa uzi, milimita 14. P inaeleza kuwa pua ya kauri imechomoza nje ya uzi. E ni urefu wa uzi, milimita 19. Ukitia fupi, cheche inawakia shimoni, na ukitia ndefu pistoni inaweza kuigonga. S ni aina ya kawaida, yenye kiini cha shaba. Namba iliyo katikati ndiyo yenye mambo. Inaeleza plagi ni “ya moto” au “ya baridi”, na hapo watu wengi huteleza, kwa sababu cheche yenyewe ni ileile. Kinachotofautiana ni jinsi plagi inavyotoa joto. Yenye pua ndefu hukawia kupoa, yenye pua fupi hupitisha joto haraka kwenda kwenye silinda hedi na maji ya rejeta. Pua inatakiwa ifike kama nyuzi 500 za Selsiasi ili iunguze masizi yake yenyewe. Ikipita 850 au zaidi kidogo, inageuka kaa la moto: mchanganyiko wa hewa na petroli unawaka kabla ya cheche, pistoni ikiwa bado inapanda. Pistoni ni aluminiamu. Haihimili hilo kwa muda mrefu.

Kwa NGK, namba ikipanda plagi inakuwa ya baridi zaidi. Sita ni ya baridi kuliko nne. Kwa hiyo gari la mjomba lilikuwa limetiwa plagi za moto kupita zake kwa ngazi mbili, kisha likaendeshwa kwa kasi kutoka usawa wa bahari hadi kwenye miinuko ya Ukambani. Nilizitazama tena chini ya taa. Mbili zilikuwa na kauri nyeupe kama chokaa, yenye malengelenge, na ncha zimeyeyuka. Plagi yenye afya huwa na rangi ya kahawia hafifu, kama chai ya maziwa.

Nikadhani nimempata fundi na kosa lake. Kisha nikasoma daftari.

Mjomba hakuzaliwa na Datsun. Gari lake la kwanza la michezo lilikuwa MGB ya Kiingereza, na daftari linaanza nayo: tarehe, kilomita, oili, plagi. Plagi zake zilikuwa Champion N9Y. Mwaka 1977 ameandika, kwa mwandiko wake wa kulalia kushoto, kwamba joto la pwani limezidi, amehamia N7Y, “za baridi zaidi, gari limetulia”. Alikuwa sahihi. Kwa Champion, namba ikishuka plagi inakuwa ya baridi. Bosch nao huhesabu hivyo. Ni NGK na Wajapani wenzao wanaohesabu kinyume.

Hapa habari ya gari moja inaingia katika habari ya nchi. Safari Rally ilianza mwaka 1953 kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, na kwa miaka mingi washindi walikuwa Volkswagen, Ford, Mercedes, Peugeot. Mwaka 1970 Datsun ikashinda. Mwaka 1971 ikashinda tena, safari hii kwa 240Z ya Edgar Herrmann na Hans Schüller, na nyuma yao ikaja 240Z nyingine ya Shekhar Mehta. Mehta alizaliwa Kampala. Mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza Waasia, naye akahamia Kenya. Pasaka ya 1973 alishinda yeye na Lofty Drews. Hata ushindi huo ulikuwa wa pumzi: alikuwa na alama za adhabu sawasawa na Harry Källström, naye pia ndani ya Datsun, ikabidi waangalie nani alikwenda mbali zaidi kabla ya adhabu ya kwanza. Mjomba alikuwa na miaka 19. Alisimama kando ya barabara akala vumbi, akaapa atamiliki gari lile.

Alilipata miaka kumi baadaye. Ndivyo ilivyokuwa kwa wengi wa rika lake: walijifunza ufundi kwa magari ya Kiingereza, kwa inchi na Champion, kisha barabara ikajaa Wajapani. Spana zilibadilika, na hilo kila mtu aliliona, maana spana ya inchi inakataa boliti ya milimita papo hapo. Namba za plagi hazikatai. Uzi ni ule ule, inaingia, injini inawaka.

Ukurasa wa Machi 1984 una mistari mitatu. “Joto kali. Nimenunua BP4ES sita. Fundi hataki, nimemwambia atie.”

Niliusoma mara nyingi usiku ule. Mtu ambaye hangeweza kujua kwamba ataisomwa na mpwa wake ameandika ushahidi dhidi ya nafsi yake, halafu akauweka mkebe mmoja na vidhibiti. Alizihifadhi plagi zile ili amshitaki nazo fundi, hilo nina hakika nalo. Kama baadaye aligundua alichokifanya, daftari halisemi. Baada ya Machi 1984 hakuandika tena neno fundi. Anaandika “gereji”.

Nikakumbuka shitaka lenyewe lilikuwa la gepu. Nikachukua geji ya waya, nikapima zile nne ambazo hazikuyeyuka. Milimita 0.8. Zote nne, waya wa 0.8 unapita kwa kukwaruza kidogo, wa 0.9 haupiti. Kitabu kinasema kati ya 0.8 na 0.9. Kuzipata plagi nne sawa namna hiyo kwa mkono kunahitaji uvumilivu: unaukunja ule mguu wa pembeni tu, kidogo kidogo, bila kugusa ncha ya katikati wala kuegemea kauri, unapima, unarudia. Fundi aliyelazimishwa kutia plagi asizozitaka alizipima kwa adabu zote.

Kesho yake nilinunua BP6ES sita. Binamu alitaka iridiamu, na mwanya wa milimita 1.1, kwa kuwa ameona zimewekwa hivyo kwenye gari la ukoo uleule. Nikamwambia zile ni 280Z za kuanzia 1975, zenye uwashaji wa elektroniki. Yetu ina pointi na koili ya zamani. Mwanya mpana unadai volti nyingi, na koili yetu ikibanwa kwenye mizunguko ya juu itashindwa, silinda zitaanza kurukwa. Iridiamu haina ubaya, ila hapa haitibu ugonjwa wowote. Alinuna kidogo. Nilizipima zote sita kwa 0.8 ingawa boksi lilisema zimeshapimwa. Mbili hazikuwa sawa. Nikazikaza kwa vidole mpaka zikagota, kisha nusu mzunguko kwa spana, kwa kuwa hedi ni ya aluminiamu na uzi wake ukiharibika ni msiba mwingine. Nyaya tukazirudisha kwa mpangilio wake wa 1-5-3-6-2-4. Injini iliwaka mara ya tatu.

Kabla mnunuzi hajaja nilikwenda kwa fundi. Yuko hai, ana zaidi ya miaka themanini, haoni vizuri. “Shikamoo, mzee.” “Marahaba. Wa wapi wewe?” Nilipotaja jina la mjomba alinyamaza, kisha akasema, “Mungu amrehemu.” Nikamsomea mistari mitatu ya daftari. Akaniomba nirudie. Nikampa moja ya plagi zisizoyeyuka. Hakuuliza namba. Aliipapasa kwa ukucha wa kidole gumba, akauingiza pale penye mwanya.

“Hii nane,” akasema.

Aliniuliza kama naweza kuwasomea wanawe ukurasa ule, jioni wakirudi kazini. Nikasubiri. Ilikuwa saa tisa na nusu, na mkewe akaleta kahawa.